Juu ya nini kelasi za Goma zinakosa walimu?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Goma, siku ya walimu ulimwenguni, 5 Oktoba 2024



Leo ni siku ya posho, siku ya kufua na ya soko, na tunajua wengine wenu wametembea kwa miguu toka Mugunga na Lac Vert mupaka hapa. Hatutawachelewesha.

Tuanze na jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Katika mukutano wetu wa juma lililopita tuliuliza: kati yetu, nani alisoma pedagojia? Mikono mingi ikapanda. Tukauliza tena: na nani anafundisha? Ikabaki mikono miwili. Wa kwanza anafundisha kwenye shule ya watu binafsi. Wa pili ni dada yetu anayefundisha shule ya musingi, huu ni mwaka wake wa tatu, na Serikali haijamupa hata franka moja. Wengine wote? Wanaendesha pikipiki, wanauza uniti za simu, wanavuka barriere asubui kwenda kutafuta mboga Gisenyi.

Kisha tunasikia wakubwa wanasema: Goma inakosa walimu. Hapana. Watu wenye kujua kufundisha wako hapa, wamekaa kwenye viti hivi. Wanaokosekana ni watu wanaoweza kukula na kulipa nyumba miaka miwili, mitatu, bila mushahara. Na mutu wa namna hiyo, tusidanganyane, haiko rahisi kumupata.

Angalieni kwanza muji wetu. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa inchi nzima ilifanywa mwaka 1984. Wengi kati yetu hatukuwa tumezaliwa. Toka wakati huo Goma imepokea watu wa 1994, ikachomwa na volkano Januari 2002, ikaona tena Nyiragongo ikishuka tarehe 22 Mei 2021, na vita vimeleta familia za Rutshuru, za Masisi, na toka Februari 2024 hata za Sake. Majengo, Ndosho, Mugunga, kila fasi imejaa. Leo watu wanahesabu Goma kuwa na wakaaji zaidi ya milioni moja. Mutoto wa mukimbizi akifika kwenye shule ya Mugunga, direkta hawezi kumwambia arudi Sake. Anamuingiza. Njo maana munaweza kukuta watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja, wanne kwenye benchi ya wawili, na wengine chini kwenye mawe.

Sasa direkta anataka kugawanya hiyo kelasi. Hapa tunaomba mutusikilize vizuri, juu wazazi wengi hawajui namna mambo yanavyotembea.

Kugawanya kelasi hakutoshi. Ile kelasi mupya inapaswa kukubaliwa na kuandikwa kwenye makaratasi ya Serikali, na ule mwalimu mupya apate matrikule. Direkta anaandika barua. Dosiye inapita kwa wenye shule (Wakatolika, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu, au Serikali yenyewe), inapita kwenye sudivizio, inapita kwenye biro ya SECOPE, ambayo leo jina lake ni DINACOPE lakini walimu bado wanasema SECOPE. Kisha inapanda Kinshasa. Huko inaingia kwenye foleni, na wewe uko unaandika ubaoni. Jina lako kwa wakati huo ni «N.U.», herufi mbili tu, maana yake ni mutu mupya. Unaweza kuitwa mupya miaka mitano.

Mara kwa mara watu wa kuhesabu walimu wanakuja. Wanaandika majina, wanaomba kopi ya diplomi, wanaenda. Wiki ile kila mutu anakuwa na furaha, kuna hata wanaonunua buku la kuandikia madeni watakayolipa. Halafu kimya. Kuna walimu waliopitia kuhesabiwa kule mara nyingi mupaka hawaendi tena kufanya kopi.

Na wakati hao wanangoja, kuna majina yaliyolipwa bila mutu, na mashule yaliyolipwa bila ukuta. Haya si maneno ya mitaani. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa ilihukumu mukubwa wa SECOPE na mukubwa wa inspeksio miaka 20 kila mumoja kwa wizi wa feza za elimu. Kila mwalimu wa uongo kwenye lisiti amekalia kiti cha mwalimu wa kweli.

Tuseme sasa juu ya masomo ya bure. Katiba ya 2006, musitari wa 43, inasema shule ya musingi ni ya bure. Serikali ilianza kutekeleza hiyo Septemba 2019. Sisi tuliunga mukono, na tunaunga mukono hata leo. Mutu asije kusema kesho kwamba tunataka kurudisha minervali kwenye shule ya musingi. Kuna wamama hapa wanaojua ni watoto wangapi waliketi nyumbani kwa kukosa feza.

Lakini tukumbuke mwalimu N.U. alikuwa anakula nini mbele ya 2019. Alikuwa anakula primi ya wazazi. Ilikuwa mambo mabaya, mutoto alifukuzwa juu ya deni la baba yake, tunajua. Ila ile primi ndiyo ilibeba wale ambao Kinshasa haikuwaandika. Serikali iliondoa primi siku moja, na mushahara ukabaki njiani. Watoto wakaingia wengi sana, walimu wapya wakahitajika, na wakati uleule kile kilichowalisha hao walimu wapya kikakatwa. Banki ya Dunia ilikubali mupango wa dola milioni 800 mwaka 2020 kusaidia masomo ya bure katika inchi. Dada yetu wa mukono wa pili anauliza sehemu yake ilipita barabara gani.

Kwenye sekondari wazazi bado wanalipa. Kwenye shule za watu binafsi wanalipa kwa dola. Basi mwalimu mwenye akili ya hesabu za shule ya musingi anafanya hesabu yake mwenyewe, anahama. Tena Goma ni muji wa ma-ONG. Mutu anayejua kusema vizuri, anayeandika Kifaransa bila makosa, akienda kuuliza watu maswali siku kumi kwa ajili ya ONG, anarudi na feza ambayo ubao hautamupa. Hatumulaumu. Ila tuone namna inavyoenda: muji huuhuu unaowaita walimu ndio unaowanyanganya shule.

Hata yule anayelipwa anasumbuka. Mwaka 2019, dola moja ilikuwa karibu franka 1.650. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya 2.800. Serikali inalipa kwa franka. Mwenye nyumba wa Katindo au wa Himbi anataka dola, na garanti ya miezi kadhaa mbele hujaingiza godoro. Kwa muda mrefu pia mwalimu wa Kinshasa alipata kuliko mwalimu wa provinsi kwa kazi ileile, kama kwamba sukari ya Birere inauzwa bei ya kijijini. Mwenye chukudu anarudi nyumbani mangaribi na feza ya siku hiyo, kidogo au mingi. Mwalimu anarudi na chaki kwenye vidole.

Kuna wazee pia. Munawajua, wengine walifundisha wazazi wetu. Mwalimu wa miaka zaidi ya 70 bado anasimama mbele ya kelasi, sauti haifiki tena benchi za nyuma. Juu ya nini haendi kupumuzika? Kwa sababu akitoka kwenye lisiti bila kulipwa haki zake za mwisho, anatoka na mikono mitupu. Anashikilia kiti, na kiti chake hakipatiwi kijana. Tusimukasirikie muzee wetu. Serikali ndiyo imemufunga pale.

Kumbe ni nani anayekubali kuanza kazi hii leo? Ni yule mwenye mutu wa kumulisha. Kuna ma-N.U. kwenye shule za musingi ambao ni wadada zetu na wamama, na mabwana zao ndio wanaolipia Serikali mwalimu. Bwana akikosa kazi, au akikimbia vita, kelasi nayo inakosa mwalimu katikati ya mwaka.

Mukubwa mumoja alituambia ofisini kwake kwamba vijana wa leo hawana wito. Tulimuuliza kama yeye amewahi kukaa mwezi mumoja bila mushahara. Alitufungulia mulango tutoke.

Mwezi wa Septemba 2024 walimu waligoma katika provinsi mingi, wengine wakidai dola 500 kwa mwezi. Kuna kati yetu wanaoona ni nyingi, na tulibishana sana juu ya hiyo. Sisi tulisema hivi: bunge lilikuwa katika kikao cha bajeti, kilichofunguliwa 16 Septemba 2024, na bajeti ya 2025 ilikuwa inaandikwa wiki zile. Tulidai ma-N.U. wa Goma na wa Karisimbi wahesabiwe katika hiyo bajeti, shule kwa shule, na ile hesabu ibandikwe mulangoni pa kila shule kila mutu asome. Tunadai kelasi mupya ikikubaliwa, mushahara wake ukubaliwe siku ileile. Na wazee walipwe haki zao, waende nyumbani kwa heshima.

Wabunge wa Goma muliwachagua ninyi, Desemba 2023. Tutawapelekea karatasi, siyo kelele tu. Njo kazi tunayowaomba. Kila mumoja aende kwenye shule ya musingi ya mutaa wake, aulize: kelasi ngapi, watoto wangapi, walimu wangapi, na kati yao ni wangapi ambao hawalipwi, toka mwaka gani. Musiandike majina ya walimu. Kuna walioadhibiwa kwa kusema kidogo kuliko hapo. Muandike jina la shule na hesabu tu, murudishe hapa siku ya posho ijayo, tarehe 12, saa tatu asubui.

Karatasi ziko pale kwenye mulango. Kalamu mulete zenu, zetu zimekwisha.