Hotuba ya Mwenyekiti: Pikapu Mbili, Injini Moja



Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10 tukiwa bado pamoja. Juu ya hisa na mikopo yamesemwa mengi. Sisi tunaomba kusema juu ya pikapu zetu, maana hapo ndipo kikundi kilipotaka kuvunjika.

Wengi mnazifahamu. Zote ni Toyota Hilux za dizeli, injini aina ya 2L, lita 2.4, na zote zimezeeka. Ile nyeupe bodi yake ni nzima, lakini injini ilikuwa inakula oili. Ikipanda kutoka Mombo kuja Lushoto, hata bila mzigo, moshi wa bluu unaifuata nyuma. Nyekundu, tuliyoinunua kwa jasho letu la mwanzo, injini yake ilikuwa safi, ila chesisi imeliwa na kutu mpaka bisibisi ya fundi ikapenya.

Je, tuhamishe injini? Tulikaa vikao vitatu. Wengine walitaka chesisi ichomelewe. Fundi akakataa: "Mama zangu, kwa kona za mlima huu, siwezi kuchomelea kutu halafu nikalala usingizi." Wengine wakasema tuuze zote, lakini bei tuliyopewa ilikuwa ya chuma chakavu. Na kuifanyia ovahoo injini mbovu kungemaliza fedha ya mikopo ya ada za watoto.

Bibi mmoja mwenzetu akasimama: "Wanangu, hiyo nyekundu ndiyo iliyonitua kabichi kichwani. Mkiing'oa injini mmeiua." Tukanyamaza wote, maana alisema kweli.

Mwisho tulikubali kwa masharti. Fundi apime kwanza kompresheni ya silinda zote 4 za injini ya nyekundu, kabla hajaanza kuing'oa. Achunguze na chesisi ya nyeupe, tusije tukaua magari mawili. Injini ikiwa chini, abadilishe sahani ya klachi na sili ya nyuma, tusilipe ufundi mara mbili. Naye katibu apeleke namba ya injini Mamlaka ya Mapato, ili kadi na gari visome sawa.

Leo nyeupe inashuka na viazi na kupanda bila moshi. Nyekundu iko uani, tunachukua taa na springi kila zinapohitajika. Hatufichi: dereva wake alikosa kazi, na yule bibi hakunyoosha mkono kukubali. Lakini hakujitoa, na leo amekaa hapa mbele.

Tumejifunza kutenga fedha ya matengenezo kila mwezi, gari likiwa zima. Tunawaomba wanachama msiichoke michango hiyo, kwani injini ya tatu hatuna.