Harufu ya Petroli Ndani ya Veni Si Jambo la Kuzoea

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye veni za zamani, madereva na mafundi wa Kitale na Bungoma



Kwenye barabara ya kutoka Bungoma kupitia Webuye na Kiminini hadi Kitale, bado zinapita veni zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Kuna Kombi za Volkswagen, kuna Toyota HiAce na Nissan Caravan za miaka ya themanini na tisini. Baadhi yake zilistaafu kubeba abiria, zikatolewa viti vya nyuma, zikawekwa kitanda, kabati na jiko la gesi. Sasa ni nyumba za safari, za kupeleka familia kupiga kambi Mlima Elgon au Saiwa Swamp.

Katika veni kama hizo zinazotumia petroli, lalamiko moja hurudi kila mara: gari linanuka mafuta. Mwenye gari hufungua dirisha, hununua manukato ya kutundika kwenye kioo, na baada ya mwezi mmoja pua yake imezoea. Mgeni akiingia na kuuliza, huambiwa, "Hilo gari ni la zamani, ndivyo lilivyo."

Sivyo lilivyo. Harufu hiyo ni mvuke wa petroli unaotoka mahali fulani, na mahali hapo panaweza kupatikana na kuzibwa. Mara nyingi kinachohitajika ni kifuniko, kipande cha mpira au klipu, wala si kabureta mpya. Kinachogharimu ni kuchelewa.

Kinachowaka ni mvuke

Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaopanda kutoka juu yake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku wa baridi wa Kitale hauleti usalama wowote. Dizeli haiko hivyo. Huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujaweza kushika moto. Ndiyo maana fundi aliyezoea dizeli anaweza kuidharau petroli.

Hewa ikichanganyika na mvuke wa petroli kiasi cha asilimia moja na nusu tu, cheche moja inatosha. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu. Haupandi ukapotea angani kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya kwenye mashimo na mitaro. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka bomba kubwa iliingia mtaroni, ikashika moto na watu wapatao 100 wakapoteza maisha. Veni haibebi mafuta mengi kiasi hicho, lakini tabia ya petroli ni ileile: hufuata mahali pa chini.

Sasa tazama veni ya kulala. Mahali pa chini ni sakafu, na juu ya sakafu kuna godoro, watoto, na jiko ambalo mama au baba ataliwasha asubuhi kuchemsha chai.

Kuna madhara mengine yasiyo na mwali. Petroli ina benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa afya ya watoto. Hata hivyo, kuondoa risasi hakukuondoa benzini. Anayelala usiku kucha katika veni inayonuka petroli anaivuta.

Tangi linapumua, na barabara hii inalipumulisha sana

Tangi la petroli haliwezi kufungwa kabisa kama chupa ya soda. Mafuta yakipungua, hewa lazima iingie. Jua likipasha tangi joto, mvuke lazima utoke. Hapo ndipo safari ya Bungoma na Kitale inapokuwa na mambo yake.

Mji wa Bungoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Kitale takriban mita 1,900. Kadiri gari linavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa ya nje unavyopungua. Kati ya miji hii miwili, upungufu huo ni karibu asilimia 6. Veni iliyojazwa mafuta Bungoma wakati wa joto la mchana kisha ikapanda Kitale itasukuma mvuke nje kwa nguvu. Ikishuka kurudi Bungoma, hewa ya nje hulikandamiza tangi, na tangi litataka kuvuta hewa. Kifuniko kilicholegea au mpira uliopasuka ambao hausikiki harufu yake mjini utajitangaza kwenye mlima.

Katika magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye sheria kali, mvuke huo haukuachwa uende ovyo. Mnamo miaka ya 1950, mwanasayansi Arie Haagen-Smit wa California, Marekani, alionyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, vikipigwa na jua, hutengeneza ukungu wenye ozoni unaowasha macho na kuharibu majani ya mimea. California ikadai magari ya mwaka 1970 yanase mvuke wa tangi, na Marekani yote ikafuata mwaka 1971.

Dawa iliyopatikana ni rahisi: kopo lenye mkaa. Si mkaa wa jikoni, ni mkaa uliotengenezwa maalumu wenye vitundu vingi vidogo sana. Gari likiwa limesimama, mvuke hutoka tangini kupitia mpira hadi kwenye kopo, na mkaa huunasa. Injini ikiwaka, valvu hufunguka na injini huvuta mvuke ule na kuuchoma. Kwa hiyo mvuke unaonaswa ni mafuta ambayo mwenye gari ameyalipia. Mafundi wengi hukuta kopo hili limekatwa na mipira yake imeachwa wazi, kwa sababu aliyetangulia hakujua kazi yake.

Harufu inakuja lini?

Kabla ya kufungua chochote, fundi mzuri huuliza swali hili. Jibu lake huonyesha mahali pa kuanzia.

Harufu ikija baada ya kujaza mafuta tu, tazama kifuniko, shingo la tangi na mipira inayounganisha shingo na tangi. Huenda pia gari linajazwa kupita kiasi. Petroli hupanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Lita 50 zilizotoka baridi chini ya ardhi kituoni, zikipata joto la nyuzi 10 zaidi juani, zinahitaji nafasi ya nusu lita nyingine. Pampu ikijizima yenyewe, iachwe hapo. Mafuta ya kushindilia huingia kwenye kopo la mkaa na kuliharibu.

Harufu ikija gari likiwa limeegeshwa juani, shuku kifuniko, mipira ya mvuke juu ya tangi, au kopo lililopasuka. Mipira ya juu ya tangi haionekani bila kushusha tangi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Harufu ikija injini ikiwa moto au mara tu inapozimwa, tazama kabureta, floti yake, na mipira ya mafuta. Hili ni la haraka sana. Kwenye Kombi ya zamani, injini iko nyuma na tangi liko karibu nayo, na mpira wa petroli ukipasuka hunyunyizia injini iliyo moto. Kwenye HiAce ya zamani, injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mvuke huingia moja kwa moja kwa dereva.

Kama injini inakosa nguvu na kuzimika baada ya mwendo mrefu, kisha kifuniko kikifunguliwa husikika mlio wa kuvuta hewa na gari linawaka tena, njia ya kupumulia imeziba. Kutoboa kifuniko si tiba. Kutoboa ni kufungua mlango wa mvuke. Njia iliyoziba isafishwe.

Kama gari linatatizika kuwaka baada tu ya kujazwa mafuta au linatetemeka likiwa limesimama, valvu ya kuvuta mvuke huenda imekwama ikiwa wazi. Ile ya umeme hutakiwa kufungwa isipopata umeme. Ikipulizwa na hewa ikapita, ibadilishwe.

Kazi ifanywe kwa utaratibu

Kazi ifanyike nje, mahali penye upepo, injini ikiwa imepoa, mbali na mashine ya kuchomelea na jiko la mkaa. Waya wa betri uondolewe kabla ya mafuta kufunguliwa. Mvuke ukishajaa, usiguswe, kwa sababu waya huo hutoa cheche. Mtungi wa kuzima moto wa unga au povu uwe karibu. Maji hueneza moto wa petroli.

Fundi aanze na cha bei nafuu. Kwanza kifuniko na mpira wake wa ndani. Pili mipira yote, kutoka shingo hadi tangi, kutoka tangi hadi kopo, kutoka kopo hadi injini. Ikunjwe taratibu, na wenye nyufa au uliokauka uondolewe. Tatu kopo lenyewe: likiwa zito na kumwaga petroli, limekwisha. Nne valvu. Tano ndipo tangi lishushwe.

Mpira mpya uwe wa petroli kweli. Mpira wa maji au wa plastiki nyeupe hugeuka mgumu na kupasuka. Mpira unaofaa huandikwa ubavuni. Kwenye gari la kabureta tafuta SAE J30 R7, na kwenye gari linalopuliza mafuta kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, R9. Klipu ziwe za kukaza kwa bisibisi, si waya wa kufungia.

Mambo matatu yakataliwe kabisa. La kwanza ni kuziba shingo la tangi kwa kitambaa au karatasi ya nailoni pale kifuniko kinapopotea. La pili ni kutafuta uvujaji kwa kiberiti, au kujaza tangi upepo wa kompresa hadi lipasuke. Maji ya sabuni na macho yanatosha. La tatu ni kuchomelea tangi eti kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa. Tangi lililooza libadilishwe, au lipelekwe kwa mtu mwenye vifaa vya kuosha na kuondoa mvuke wote kwanza.

Kabla ya kulala ndani

Gari lililokarabatiwa lipewe mtihani. Liegeshwe juani na madirisha yakiwa yamefungwa kwa saa mbili, kisha mtu ambaye hajalizoea afungue mlango na kunusa akiwa ameinama karibu na sakafu. Akisikia petroli, kazi haijaisha na jiko lisiwashwe. Jerikeni ya petroli isibebwe kamwe pamoja na watu wanaolala.

Harufu kali ikianza safarini, gari lisimamishwe, injini izimwe, watu wote washuke na wasogee mbali. Taa na swichi nyingine zisiguswe. Simu ipigwe kutoka mbali, kwa nambari 999 au 112.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kuzima moto na kukabili majanga, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini ambako vijana hujifunza umekanika. Ukaguzi wa magari uko mikononi mwa NTSA. Lakini hakuna mkaguzi anayepanda kila veni kila asubuhi. Anayepanda ni mwenyewe, mke au mume wake, na watoto wao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika veni ya petroli, ufa wenyewe ni mpira wa urefu wa kiganja, na asiyeuziba huenda asipate nafasi ya kujenga huo ukuta. Kila mwenye veni na aliegeshe gari lake juani wiki hii, amwite jirani anuse, na kinachopatikana kipelekwe kwa fundi kabla ya safari ijayo.