Picha za Uchunguzi kwa Mtoto Mwenye Homa Isiyoshuka



Fangasi ni jina linalojulikana katika kila kaya. Wengi hulihusisha na mapunye au utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga, maradhi yatibikayo katika zahanati bila picha yoyote. Mada ya leo ni fangasi wanaopenya hadi mapafuni, kwenye ini, wengu, hata ubongo. Hao huwapata zaidi watoto ambao kinga yao imeporomoka, hasa wanaotumia dawa za saratani ya damu. Mtoto wa namna hiyo hutibiwa Muhimbili au Bugando, kisha hurejea kijijini kusubiri mzunguko mwingine wa dawa. Homa humkuta huko nyumbani.

Homa hiyo ni dharura tangu saa ya kwanza, wala mzazi asingoje kupambazuke. Hospitalini, dawa za bakteria ndizo hutangulia. Iwapo homa itaendelea kwa saa 96 au zaidi licha ya dawa hizo, na chembechembe nyeupe za damu zingali chini, tabibu hana budi kuwafikiria fangasi.

Eksirei ya kifua ni nafuu na hupatikana karibu, lakini yaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa umekwisha kuanza. CT-Scan hukionyesha kifua tabaka kwa tabaka, na hubaini vinundu vidogo ambavyo eksirei haikuviona. Kwa hiyo kauli ya "picha ni safi" pekee isimrudishe mtoto huyo nyumbani. Tumboni, ultrasaundi huchunguza ini na wengu bila mionzi. Vidonda vya huko mara nyingine hujitokeza pale tu chembechembe nyeupe zinapoanza kupanda. Kurudiwa kwa kipimo si uzembe wa mtaalamu.

Wapo wanaohofia mionzi ya CT-Scan. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mtoto huathirika na mionzi kuliko mtu mzima, na ndiyo sababu kiasi chake hupunguzwa kulingana na umbo lake. Aidha, picha haitaji jina la fangasi. Vinundu vya watoto mara nyingi hukosa alama bayana zionekanazo kwa watu wazima, na kifua kikuu huweza kufanana navyo. Hivyo huchukuliwa pia sampuli ya damu au ya majimaji ya mapafuni, ingawa matibabu yaweza kuanza kabla ya majibu.

Anayempeleka mtoto hospitalini abebe kadi ya kliniki, orodha ya dawa na picha za awali. Bila picha hizo, ni vigumu kwa mtaalamu wa radiolojia kujua kama kinundu ni kipya au ni kovu la siku nyingi.