Mgonjwa Akirudi Nyumbani, Tumpokee Namna Gani?

Leo tutaongea juu ya mtu ambaye wengi hatupendi kumtaja: yule aliyeugua ugonjwa wa akili, akatunzwa, na sasa anarudi kwetu.

Tuweke mfano. Kijana alianza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii. Jamaa wakampeleka mahali pa matunzo, kama vile Sosame ya Bukavu ao Tulizo Letu ya Goma. Akapewa dawa, akaanza kulala usingizi, sauti zikapungua. Lakini siku anaporudi, watoto wanapiga kelele: "Kichaa amekuja!" Shangazi anasema: "Chakula chetu kilikwisha juu yako." Jirani ananong'ona habari za uchawi. Baba anamkataza hata kushika jembe. Baada ya miezi michache kijana ameacha dawa, sauti zimerudi, nasi tunasema: "Mnaona? Ugonjwa huu hauponi."

Ndugu zangu, tujiulize: ni ugonjwa peke yake uliomrudisha nyuma, ao ni sisi pia?

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1972, huko London, George Brown na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 101 wa skizofrenia waliotoka hospitali na kurudi kwa jamaa zao. Kwanza waliwasikiliza jamaa wakiongea juu ya mgonjwa: je, wanamlaumu mno? Wanamchukia? Ao wanahangaika juu yake kupita kiasi? Kisha wakawafuata wagonjwa kwa miezi 9. Katika 45 walioishi penye lawama na mahangaiko mengi, 26 waliugua tena. Katika 56 walioishi penye utulivu, ni 9 tu.

Tusikilize vizuri. Hii haisemi kwamba mama ao baba ndiye aliyeleta ugonjwa. Hapana. Inasema kwamba maneno ya kila siku yanaweza kusaidia dawa, ao kuiharibu kazi yake. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja.

Nasi tuliohama tuna shida zaidi. Watu wanane katika hema moja, njaa, usiku bila usingizi: hasira inakuwa karibu. Kwa hiyo tufanye mambo haya tunayoweza.

Kwanza, tumwite kwa jina lake, si kwa jina la ugonjwa. Pili, akikosea, tumwambie kosa moja kwa sauti ya chini: "Umeacha mlango wazi, tafadhali ufunge." Tusimwambie: "Wewe ndivyo ulivyo siku zote." Tatu, apate saa za kukaa nje ya hema, mbali na kelele, na yule anayemtunza naye apate mtu wa kumpokea, maana mchovu hukasirika upesi. Nne, tumpe kazi ndogo ya kweli: kuchota maji, kupalilia, kuchambua maharagi. Mtu asiyetumainiwa na wenzake hupoteza tumaini hata kwake mwenyewe. Tano, dawa zisiachwe kwa sababu anaonekana amepona. Ni mganga anayeamua.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini huko Nijeria, karibu na mji wa Abeokuta, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa vijiji vya Aro mwaka 1954. Wagonjwa walikuja pamoja na mtu wa jamaa, wakapanga vyumba kwa wakulima, mchana wakaenda hospitali kutunzwa, kisha wakarudi kijijini. Wanakijiji walizoea kuishi nao kama majirani.

Ninyi wakubwa, neno lenu lina uzito. Mtu akifungwa kamba ao mnyororo, msinyamaze. Mtafuteni mganga wa kituo cha afya. Mama mzee akisingiziwa kwamba alimroga kijana, simameni kati mapema, kabla mawe hayajaokotwa. Ugomvi mwingi wa majirani unaanza hivyo.

Na hapa ndipo jambo hili linapogusa amani yetu sisi wote. Tunambandika mtu mmoja jina "kichaa", na tangu hapo hatumwoni tena, tunaliona jina tu. Si ndivyo tulivyofanyiana pia kabila kwa kabila? Anayejifunza kumpokea mgonjwa katika hema lake anajifunza pia kumpokea jirani aliyemwogopa.

Jioni hii, kabla ya kulala, mtu mmoja katika kila nyumba amwite mgonjwa wake kwa jina, amwulize: "Umeshindaje leo?" Kisha angojee jibu, hata likikawia.