Mama Naye Anaweza Kutafuta Waliopotea

Leo tuache kidogo maneno ya uji na chanjo. Tunataka kuongea juu ya wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, wale wenye kutafuta na kuokoa watu wakati wa hatari. Mwanamuke naye anaweza kuingia? Ndiyo, anaweza.

Munakumbuka Kalehe. Siku ya ine, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika na kuleta matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Nani aliwatafuta? Majirani na wajitoleaji, kwa mikono na majembe.

Kazi hii haitaki nguvu tu. Mutu asiende peke yake. Kikosi kinaita kwa sauti, kisha wote wananyamaza kabisa na kusikiliza, maana aliyefunikwa hana nguvu ya kulia sana. Nyumba iliyokwisha kutafutwa inatiwa alama. Mvua ikianza tena, kikosi kinaondoka bondeni, hata kama moyo unakataa. Mujitoleaji akizikwa naye, wenzake wataacha kazi ili wamutafute yeye.

Lakini kuna kazi moja ambayo sisi tunaona wamama wanaiweza kupita wengine: watoto waliopotea. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia, wengine Sake, wengine Rwanda, na watoto zaidi ya 150 waliachana na wazazi. Uliza mutoto wa miaka mitatu, «Mama yako anaitwa nani?» Atajibu, «Mama.» Basi mujitoleaji anakaa chini karibu naye, anamupa maji, anauliza polepole: Nyumbani kuna mbuzi? Nani anakupikia? Munasali wapi? Anaandika nguo alizovaa, pahali alipookotwa, na nani alimuokota. Mutu akija analia na kusema mutoto ni wake, asipewe kwa sababu ya machozi tu. Aulizwe kwanza alama ya mwili wa mutoto, kisha apelekwe kwa mukubwa wa kazi.

Tena hapa Kivu kuna maji. Mutoto aliyezama asining'inizwe miguu juu, wala tumbo lake lisikandwe ili maji yatoke. Watu wanafanya hivyo, na dakika zinapotea. Asipopumua, apewe pumzi kinywani upesi, kisha kifua kisukumwe. Namna yenyewe mutajifunza kwa mikono katika mafundisho ya huduma ya kwanza. Karatasi hii haitoshi.

Kuingia ni hivi: nenda kwa komite ya Msalaba Mwekundu ya pahali pako, jiandikishe, fuata mafundisho. Mushahara hakuna. Anayetafuta perdiem, tunasema wazi, atachoka mapema. Utasaidia kila mutu bila kuuliza kabila lake. Ongea na bwana yako mbele, na mujue nani atabaki na watoto ukiitwa usiku. Mwenye mimba asichimbe matope. Aandike majina, ao akae na watoto waliookotwa.

Na leo hii, mukirudi nyumbani, mufundishe kila mutoto majina yake yote, ya baba, ya mama na ya kartie. Ayarudilie kila jioni mpaka ayaseme bila kukosa.