Karanga Yenye Ukungu, Hata kwa Mbwa Hapana

Mafundisho yaliyotolewa kwa bamama wa kliniki ya watoto, Kolwezi

Wanafunzi wetu wa shule ya wauguzi wanapima watoto uzito, na sisi tutazungumza kidogo. Anayesikia jina lake aende kwenye mizani, kisha arudi kukaa.

Somo la leo ni karanga. Tena ni mbwa. Naona wengine wanacheka. Mnasema moyoni: "Munganga anatuletea habari ya imbwa ku kliniki ya batoto?" Ndiyo. Sikilizeni mpaka mwisho, mtajua sababu.

Mama mmoja alinisimamisha mlangoni. Akasema: "Mama, kalanga zangu zilishika ukungu. Sitapikia batoto, minajua ni mubaya. Minapatia imbwa. Shi ni imbwa tu?"

Sikumjibu upesi. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilifanya vile vile.

Nilikuwa na mfuko wa karanga, niliununua wakati wa mvua. Nilichagua zile nzuri, nikazikaanga, nikazisaga kwa uji wa mtoto wangu. Zile nyeusi na zile zenye unga wa kijani sikutaka kuzitupa, kwa maana feza ni feza. Nilizisaga peke yake, nikachanganya na bukari iliyobaki, nikampa mbwa wetu. Alikula kwa furaha. Nikafanya hivyo siku nyingi. Kisha mbwa akaanza kukataa chakula. Akatapika. Akalala kivulini mchana kutwa, hata mgeni akipita hakubweka. Nilipomfunua mdomo, ufizi wake ulikuwa wa manjano, na macho pia. Mkojo wake ulikuwa kama chai nyeusi. Akafa. Mganga wa wanyama alimpasua, akanionyesha ini lililoharibika. Akaniuliza neno moja tu: "Alikula nini?"

Bamama, usiku ule sikulala. Sikulia kwa ajili ya mbwa tu. Nilikuwa nafikiri uji. Karanga za mtoto na karanga za mbwa zilitoka katika mfuko mmoja.

Mtoto wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nafundisha jambo hili, nami nitalifundisha mpaka nichoke.

SUMU HII NI NINI?

Karanga zikikaa na unyevu na joto, ukungu unaota juu yake. Ukungu wa namna fulani unatengeneza sumu, jina lake aflatoksini. Ukungu wenyewe mara nyingine unauona: kijani, manjano au mweusi. Sumu huioni kwa macho. Inaingia ndani ya karanga. Ukipangusa ukungu, sumu inabaki. Ukikaanga, ukichemsha, inapungua kidogo lakini haiishi. Moto wa jikoni hauitoshi.

Watu waliijua sumu hii kwa sababu ya wanyama. Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100.000 walikufa kwa muda mfupi. Wenye kuwafuga walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Walipochunguza chakula, walikuta ni makapi ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye ukungu. Hivyo ndivyo aflatoksini ilivyojulikana.

Na mbwa? Mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Mwishoni mwa mwaka 2005, Marekani, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa na mahindi yenye ukungu. Jambo hilo lilirudi tena kule mwishoni mwa mwaka 2020. Hao walikuwa mbwa wa nchi tajiri, chakula chao kiko katika mfuko mzuri wenye picha. Sumu haiheshimu picha.

Msiseme ni mambo ya mbwa na batamzinga tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walikufa. Mwaka 2016 Tanzania nayo, upande wa Dodoma na Manyara, ilizika watu. Hao ni majirani zetu, wanakula bukari kama sisi.

Kuna tena njia ya polepole. Mtu anakula kidogo leo, kidogo kesho, miaka mingi. Haanguki. Lakini ini linachoka, na mwisho inaweza kuleta kansa ya ini. Mwenye virusi vya ugonjwa wa ini wa namna ya B, hatari yake inaongezeka mara nyingi sana. Ndiyo maana tunawaomba msikose chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani ya sindano ile mna kinga ya ugonjwa huo wa ini. Mama anayeacha sindano ya tatu kwa sababu mtoto alilia kwa ile ya pili, hamsaidii mtoto.

MBWA NA MTOTO, MEZA MOJA

Mnamkumbuka yule mama wa Injili, mwenye binti mgonjwa, aliyemjibu Yesu juu ya mbwa wanaookota makombo ya watoto chini ya meza. Mimi nikisoma habari ile nafikiri hivi: kombo linaloanguka ni mkate ule ule uliokuwa mezani. Kinachomfikia mbwa kimetoka katika nyumba ya watoto.

Angalieni mitaa yetu, Manika au Dilala, ni namna moja. Sahani ya mbwa iko uani. Mtoto wa mwaka mmoja anatambaa uani. Mama anafua. Nani amewahi kuona mtoto anatia mkono katika sahani ya mbwa na kupeleka mdomoni? Ndiyo, naona mikono. Basi ukimwekea mbwa sumu, umeiweka pale mkono wa mtoto unapofika.

Wengine wanasema: "Basi, minapatia kuku." Hapana. Kuku na bata wanaugua nayo, bata zaidi sana. Tena sumu inaweza kuonekana katika mayai na maini utakayokula kesho. Inaweza kupita hata katika maziwa ya mama anayeila. Lakini nisikieni vizuri: sisemi muache kunyonyesha! Maziwa ya mama yanabaki chakula kinachopita vyote. Nasema mama anayenyonyesha achague karanga zake kama anavyochagua za mtoto.

Karanga mbovu zifukiwe katika shimo refu, mbali na shamba, pahali kuku hawafukui. Inauma, najua. Kilo moja ya karanga ina bei. Ini halina bei, haliuzwi sokoni.

KUMPA MBWA KARANGA NZURI

Sasa nisije nikaharibu jina la karanga. Karanga nzuri ni zawadi ya Mungu. Hata mbwa anaweza kula karanga iliyosagwa, tena inatusaidia. Mbwa anakataa dawa ya minyoo, sivyo? Ficha kidonge ndani ya karanga iliyosagwa, anameza bila vita. Lakini fuateni sheria hizi:

1. Ziwe karanga zilizochaguliwa, zile ambazo wewe mwenyewe ungekula.

2. Zisitiwe chumvi, sukari, pilipili wala chokoleti. Chokoleti ni sumu kwa mbwa.

3. Zisiwe na ganda. Ganda linakwama kooni.

4. Kidogo tu. Kijiko kidogo cha chai kinatosha kwa mbwa wa kawaida wa mitaa yetu, tena si kila siku. Karanga ina mafuta mengi. Mbwa akila mengi mara moja anatapika, anahara, hata kongosho lake linaweza kuugua.

5. Kama ni ya chupa iliyotoka ng'ambo, soma karatasi yake. Ukiona neno xylitol, au namba E967, usimpe mbwa hata kidogo. Ni sukari ya namna nyingine, inatiwa mara nyingi katika chingamu zisizo na sukari. Mtu haimdhuru hivyo, lakini mbwa sukari ya damu yake inashuka upesi, anatetemeka, anaanguka, na ini lake linaweza kufa. Kama huwezi kusoma, mwite mtoto wa shule akusomee.

6. Weka katika sahani yake au chini. Usimlishe kwa vidole, na mtoto asimlishe. Mbwa akimwuma mtu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha njoo hospitali siku ile ile. Usingoje kesho.

7. Sahani ya mtoto ni ya mtoto. Mbwa asiirambe.

Wako bamama hapa ambao watoto wao wanapewa zile pakiti za karanga za kutibu utapiamlo, za gramu 92. Pakiti ile ni dawa. Mtoto akiacha nusu, ifunge, umpe tena baadaye. Usimpe mbwa, usigawe kwa wakubwa, usiuze. Mtoto akikataa kabisa, umrudishe kwetu, maana kukataa chakula ni dalili.

KARANGA KWA MTOTO

Mtoto akitimiza miezi 6, anaweza kula karanga iliyosagwa laini, iliyochanganywa katika uji. Anza na kidogo. Uji wa mahindi peke yake unajaza tumbo tu. Ukitia kijiko cha karanga, unamjenga. Lakini usimpe donge la karanga, linakwama. Na karanga nzima, usimpe mtoto asiyefika miaka 5. Inaweza kuingia katika njia ya pumzi.

NAMNA YA KULINDA KARANGA NYUMBANI

Kwanza, kununua. Karanga iliyokwisha kusagwa ku soko, huwezi kujua nini kilisagwa. Afadhali ununue punje, uchague, ukaange, upeleke kwa mashini mwenyewe, usimame pale.

Pili, kuchagua. Mwaga karanga katika lungo, mahali penye mwanga. Toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zenye ukungu. Hizo ndizo zinazobeba sumu nyingi. Kama nyingi za mfuko ni mbovu, usichague. Tupa zote.

Tatu, kukausha. Ninyi wenye mashamba, mkivuna, anikeni upesi juu ya mkeka, si juu ya udongo. Usiku au mvua ikija, funika au ingiza ndani. Ganda likitikiswa, punje igonge ndani kama kayamba. Msitie maji ili ganda livunjike upesi. Maji yale njo mlango wa ukungu.

Nne, kuweka. Mfuko ukae juu ya mbao, usiguse chini wala ukuta. Mfuko wa plastiki unashika jasho kama karanga hazijakauka. Wakati wa mvua, fungua na uangalie kila wiki.

TURUDIE PAMOJA

Moto wa jikoni unamaliza sumu ya ukungu? Hapana!

Karanga mbovu tutampa nani? Hakuna!

Karanga nzuri tutampa nani kwanza? Mtoto!

Na chanjo ya wiki ya 14? Hatutaikosa!

Vizuri. Bamama, yule aliyeniuliza mlangoni alirudi baada ya siku chache. Akaniambia: "Mama, nilizifukia zote, bwana yangu alikasirika. Nikamwambia: munganga alisema kama haifai kwa mutoto, haifai kwa imbwa. Akanyamaza." Nikamwambia amwambie bwana yake mimi nitakuja kumsalimia, nitaleta lungo, tutachagua mfuko mwingine pamoja naye.

Mungu aliyetupa watoto alitupa pia wanyama wa uani, na vyote viwili tutavitolea hesabu. Mukifika nyumbani leo, kabla ya kuwasha moto, fungueni mfuko wa karanga, mwage katika lungo, muangalie.

Bwana awabariki ninyi na watoto wenu. Sasa, mwenye swali?