Ghala la Kanisa na Debe la Kukata

  

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: ghala, debe, daftari, salio. Wanafunzi wayasome polepole, mara mbili. Neno la mwisho huenda ni geni kwa wengine. Salio ni kile kinachobaki baada ya kutoa. Ukiwa na mayai 10 ukauza 6, salio ni mayai 4. Haya, tuanze.

Mtu asiyeijua nchi ya Njombe atashangaa kusikia habari ya njaa huko. Nchi ile ina mvua. Hulimwa mahindi, viazi, maharage na ngano. Pale Makambako, njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na njia ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Malori ya mahindi na viazi hayakomi. Serikali nayo ina maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini humo. Lakini hayo ni ya akiba ya taifa. Bibi mwenye wajukuu wanne hawezi kwenda kubisha hodi pale na kikapu chake.

Na mabibi hao ni wengi. Ninyi wa huko mwajua sababu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Njombe, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, karibu 13 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa nchi nzima ni watu 4 hivi katika kila 100. Siku hizi dawa zipo na watu wanaishi na kulima. Lakini miaka ile ya kabla ya dawa kuenea, vijana wengi walizikwa, na watoto wao wakabaki kwa bibi na babu. Shamba lipo, nguvu ya jembe haipo.

Ndiyo maana sharika na parokia nyingi hufanya kazi ya kuwalisha watu wa namna hiyo. Chanzo chake ni sadaka ya mavuno. Mnaifahamu: Jumapili ya mavuno watu huleta mahindi, maharage, kuku, hata mbuzi. Baada ya ibada huwa mnada nje ya kanisa, na kuku mmoja huweza kununuliwa mara tatu kwa furaha ya watu. Fedha huenda kwenye kazi za kanisa. Mahali pengine sehemu ya nafaka haiuzwi, bali huwekwa ghalani kwa ajili ya wajane, yatima na wazee.

Sasa nitawaeleza habari ya ghala moja nililolikuta limefungwa. Jina la usharika silitaji. Ni kijiji kimoja kando ya njia ya Makambako na Njombe. Nilikwenda mwezi wa Februari kukagua darasa la kisomo. Februari ndiyo miezi mibaya: mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi shambani. Mlangoni mwa ghala nilikuta kufuli kubwa, na kina mama wawili wamekaa chini na vikapu vitupu. Nikawauliza wanangoja nani. Mmoja akanijibu, "Hatumngoji mtu, mwanangu. Tumezoea tu kukaa hapa."

Nikaambiwa kuwa mtunza ghala ameiba. Alikuwa mzee wa miaka 70 hivi, na wote walimwita Babu. Hakujua kusoma. Wazee wa kanisa walimpa magunia 5, kila gunia debe 6. Mwalimu, andika ubaoni: 5 mara 6 ni 30. Babu alipotoa debe moja alichora mstari mmoja wa mkaa nyuma ya mlango. Magunia yalipokwisha, wazee wakahesabu mistari. Ilikuwa 27. Wakasema: debe 30 ziliingia, 27 zimetoka, 3 ziko wapi? Babu hakuwa na la kujibu. Wakachukua ufunguo wakafunga ghala, wakasema halitafunguliwa tena mpaka debe 3 zirudi.

Huyo Babu alikuwa mwanafunzi katika darasa nililokuja kulikagua. Alikaa nyuma kabisa, hakusema neno. Somo la siku ile lilikuwa vipimo. Mwalimu alileta debe tupu na gunia la mahindi yake mwenyewe, akamwita Babu aje awaonyeshe wenzake namna ya kupima. Mimi niliona vibaya, nikadhani anamwaibisha mzee wa watu. Kumbe mwalimu alikuwa na akili kuliko mimi.

Babu akajaza debe. Likajaa. Akaendelea kumimina, huku akizungushia mikono yake miwili juu ya debe mahindi yasianguke, mpaka yakasimama kama kichuguu. "Babu," mwalimu akauliza, "hivi ndivyo ulivyokuwa ukiwapimia?" Akasema, "Sasa mwenye yatima nimpimie vipi?"

Mwalimu akatwaa mti ulionyoka, akakata kichwa cha debe lile, mahindi ya juu yakaanguka katika beseni. Akamwambia ajaze tena, akakata tena. Darasa zima likahesabu kwa sauti. Vichwa 9 vilipotimia, mahindi ya beseni yakamiminwa katika debe jingine. Likajaa sawasawa, bila kichwa.

Basi hesabu ni hii, nayo mwalimu wenu aiandike: vichwa 9 ni debe 1. Babu alitoa debe 27 zenye vichwa. 27 gawanya kwa 9 ni 3. Debe 3 zilizopotea ni hizo. Zilikuwa zimeliwa na yatima wale wale.

Darasani palikuwa na mzee wa kanisa mmoja, naye akijifunza kusoma. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu akamwomba Babu radhi. Wenzake wawili hawakusema kitu, na nasikia hata leo hawajasema.

Wanafunzi, msifikiri kwamba nawasifu wenye kupima kwa kichwa. Ninyi mnaolima viazi mwaijua lumbesa na mwajua uchungu wake. Kipimo cha kuingiza na kipimo cha kutoa kiwe kimoja, debe la kukata. Ukimhurumia mtu, mwandikie debe moja na nusu, umpe debe moja na nusu.

Sasa tuangalie kwa nini magunia 5 yalikwisha mapema hata kabla ya shauri hili. Usharika ule ulikuwa na kaya 12 za kusaidiwa. Kila kaya debe 1 kwa mwezi, kuanzia Januari hadi Aprili, miezi 4. 12 mara 4 ni debe 48, yaani magunia 8. Mavuno yalileta magunia 11, lakini 6 yaliuzwa mnadani. Tena walianza kutoa mwezi wa Septemba, wakati kila mtu ana chakula na kila mtu ni mkarimu. Mimi naona magunia 8 yatengwe kwanza, na la 9 kwa ajili ya hasara, ndipo mnada uanze. Bwana fedha hatapenda.

Hasara yenyewe ni nini? Ya kwanza ni dumuzi, yule mdudu aliyeonekana nchini kwetu kwanza upande wa Tabora karibu na mwaka 1980. Hula mahindi hadi kubaki vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, humwua kwa kukosa pumzi, lakini ukiufungua mfuko kila siku kuchungulia, umempa hewa. Ya pili ni ukungu. Njombe ni baridi, mahindi hukauka polepole. Mahindi mabichi yakifungwa huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikigandama kwenye kioo, anika tena, juu ya turubai. Ndani ya ghala weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Twende kwenye daftari. Pigeni mistari ya kugawa ukurasa sehemu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Milango iwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Kila mwezi salio lisomwe kanisani. Lakini nawasihi, msisome majina ya waliopewa. Yule mama wa kikapu aliniambia kuwa mwaka mmoja majina yalisomwa, na binti yake akakataa kwenda shule wiki nzima. Kaya zipewe namba, na orodha ya majina akae nayo mtu mmoja.

Ugomvi wa chakula cha wajane si wa jana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa upande mmoja walilalamikiwa kuwa wanasahauliwa, wakachaguliwa watu saba kusimamia. Nanyi msiangalie mtu anasali wapi.

Wazee wenu waliokuwa watu wazima mwaka 1975 watakumbuka kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, baada ya upungufu wa chakula wa 1973 na 1974. Walikaa kama mlivyokaa ninyi, redio mezani. Waulizeni walijifunza nini.

Ghala lile lilifunguliwa baada ya mavuno yaliyofuata. Babu aliombwa arudi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba ufunguo wa pili apewe yule mzee aliyemwomba radhi. Nililiona daftari lake. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo, ameandika: DEBE LA KUKATA.

Kazi ya nyumbani. Kaya 15, kila moja debe 1 kwa mwezi, kwa miezi 4. Zatakiwa debe ngapi, na magunia mangapi ya debe 6? Mwalimu atasahihisha kabla ya kipindi kijacho. Kwaherini.